Sauti iliyosoma hadithi zangu

Mradi wangu wa mwisho wa uzamili katika uandishi na uchapishaji ulikuwa kitabu pepe cha hadithi fupi saba, zote zangu. Wenzangu walikuwa wamechagua mambo mazito zaidi. Mmoja alitengeneza hadithi kwa Twine, ile programu ya bure aliyoibuni Chris Klimas mwaka 2009, ambamo msomaji huchagua njia yake mwenyewe. Wengine wawili walirekodi podikasti. Mimi niliona maandishi ninayo tayari: nitayapitisha kwenye programu, nitaandika taarifa ya mradi, nitakabidhi.

Kitabu kikatoka. Jalada lilipendeza, na fonti nilizihangaikia siku tatu. Nikampelekea msomaji wangu wa kwanza, dada mmoja wa idara ya isimu ambaye haoni. Yeye husoma kwa NVDA, programu isiyouzwa inayotamka kila kilichopo kwenye skrini. Nilitaka maoni yake kuhusu hadithi tu. Akaniambia nikae kando yake, akaifungua ya kwanza, tukasikiliza.

Sauti ilisoma Kiswahili changu kwa matamshi ya Kiingereza, neno kwa neno, tangu sentensi ya kwanza. Irabu zilipinda, mkazo ukaangukia silabi zisizo zake, "ng'" ikawa kitu ambacho hakimo katika lugha yoyote ninayoijua. Mimi niliyeziandika sentensi zile sikuzitambua. Dada hakushtuka. Alisema vitabu vya Kiswahili humjia hivyo mara nyingi, naye huibadilisha sauti mwenyewe kabla ya kuanza kusoma. Kisha akabonyeza H, herufi ambayo humrusha kutoka kichwa kimoja cha habari hadi kinachofuata. Programu ikajibu kuwa hakuna kichwa kinachofuata. Hadithi saba, na kwake zilikuwa mkanda mmoja mrefu usio na mlango wa kuingilia ya tatu au ya tano.

Usiku ule nilikifungua kitabu kwa ndani, jambo ambalo sikuwahi kulifanya katika muhula wote. EPUB, aina ya faili la kitabu pepe changu, kumbe ni furushi la zip, yaani mafaili mengi yaliyobanwa pamoja. Ukilifungua unakuta kurasa za XHTML, zile zile za aina ya kurasa za tovuti, faili la CSS linalosimamia mwonekano, na faili la OPF linaloorodhesha kila kilichomo na mpangilio wa kusomwa kwake. Juu ya kila ukurasa wangu paliandikwa lang="en", yaani lugha ni Kiingereza. Ilikuwa ni programu iliyoniundia kitabu ndiyo iliyojaza hivyo, nami sikuwa nimeangalia. Nikaweka "sw" kila palipotajwa lugha, kwenye lang na kwenye xml:lang, na kwenye OPF pia. NVDA huja na eSpeak NG, kisemaji chenye Kiswahili ndani yake, kwa hiyo tatizo halikuwa uhaba wa sauti. Sauti ilikuwepo muda wote ikingoja kuambiwa kwamba haya ni maandishi ya Kiswahili.

Vichwa navyo nilikuwa nimevikuza herufi na kuvikoleza tu. Jicho linaona kichwa, ila mashine inaona aya ya kawaida yenye herufi nene. Nikavipa alama ya h1, ile inayoiambia mashine kwamba hiki ni kichwa, kimoja kimoja, nikaunda orodha ya yaliyomo upya.

Hapo nikapitisha kitabu kwenye EPUBCheck, programu inayokagua kama EPUB imeundwa sawasawa, kikagoma. Sababu ilinichukua jioni nzima kuipata: ndani ya EPUB kuna faili dogo liitwalo mimetype, na ni lazima liwe la kwanza katika furushi, tena lisibanwe. Mimi nilikuwa nimefungasha folda nzima kwa kubofya kipanya, likajipanga popote. Nalitaja kwa sababu najua kuna mwanafunzi mahali fulani anayelikodolea macho kosa hilo hilo sasa hivi.

Walimu wengi huita mambo haya "upande wa kiufundi" na kuyaweka wiki ya mwisho, baada ya uhariri kwisha. Mimi nasema ndiyo uhariri wenyewe. Kuamua kwamba mstari huu ni kichwa na ule ni nukuu, kwamba neno hili ni la lugha nyingine, kwamba picha hii ina habari au ni pambo: hayo ni maamuzi ya mtu aliyesoma maandishi na kuyaelewa. Fundi wa kompyuta asiyejua hadithi yako hawezi kuyaamua kwa niaba yako. Soko nalo limeanza kuyadai. Tangu tarehe 28 Juni 2025, sheria ya Umoja wa Ulaya inataka vitabu pepe vinavyouzwa huko viweze kusomwa na watu wenye ulemavu. Mhitimu anayejua kufungua EPUB na kuitengeneza ana kazi mkononi.

Kuna jambo jingine linalonifanya niwasihi wanaoanza wachague mradi wenye matini rahisi. Mhadhiri wetu alitaka kutuonyesha shairi la dijitali alilolipenda miaka mingi, lenye maneno yanayosogea na muziki. Skrini ilibaki kijivu. Shairi lilikuwa la Flash, programu ya kampuni ya Adobe iliyochezesha picha na sauti kwenye tovuti, na Adobe waliacha kuihudumia Flash tarehe 31 Desemba 2020, kisha kuanzia 12 Januari 2021 wakaizuia isifanye kazi kabisa. Wapo wanaojitahidi kuokoa kazi hizo, na programu ya Ruffle imezifufua nyingi, lakini lile halikufunguka siku ile. Mhadhiri alisimama mbele yetu akatusimulia shairi kwa mdomo, mstari kwa mstari, jinsi alivyolikumbuka. Sijasahau uso wake.

Nikarudi kwa kitabu changu nikabakiwa na picha tano. Kila moja ilihitaji maelezo mafupi ya kusomwa kwa sauti, na mimi nilikuwa nimeacha majina ya mafaili tu. Nilidhani ni kazi ya nusu saa. Ilinichukua siku nne. Picha ya nne ni kiti kando ya mlango, na hadithi yake inamhusu mtu ambaye msomaji hapaswi kujua kama amekufa au ameondoka mpaka aya ya mwisho. Niandike nini ambacho hakidanganyi na hakifichui? Niliandika: "Kiti kitupu cha mbao kando ya mlango ulio wazi." Nikampelekea dada toleo jipya.

Alisikiliza hadithi zote saba, kwa Kiswahili, akiruka kutoka kichwa hadi kichwa apendavyo. Kuhusu lugha na vichwa hakusema neno. Alinipigia simu kuhusu picha ya nne. "Kaka," akaniuliza, "hicho kiti ni kitupu, au kuna mtu ametoka kukiacha sasa hivi?"

Tuliongea saa nzima juu ya neno hilo. Asubuhi nililifuta. Sasa ni kiti cha mbao tu, na mlango uko wazi.