Saa zinapanda ila safu ya kapteni imegoma

Juzi usiku nimetoka kurusha ndege sekta nne, yaani safari nne za kupaa na kutua, nimechoka balaa, nikakaa kujaza logibuku, daftari la rubani la saa za kuruka (ndio, bado naandika kwenye karatasi, mnicheke tu), nikafika chini ya ukurasa nikajumlisha kwa penseli, jumla imepanda vizuri kabisa, ila safu ya saa za kapteni iko palepale ilipokuwa mwaka jana na mwaka juzi. Mwaka mzima nimeongeza saa kama 700 na zote zinafanana.

Sasa madogo huwa wananiuliza, bro nihame kampuni lini? Mi nawaambia mshahara uangalie baadaye, anza na logibuku. Kabla hujafika saa 1,500, ambazo ndo kiwango cha chini cha ATPL, leseni ya juu kabisa ya rubani wa ndege za abiria, kila saa ni mali hata kama unaruka kandege ka injini moja kanakotetemeka kama mashine ya kusaga. Ukishavuka hapo hesabu inabadilika, watu wanaanza kuuliza ni ndege gani, injini ngapi, na ulikuwa kiti cha kushoto cha kapteni au cha kulia cha msaidizi wake.

Mi nililijua hilo kwa machungu. Kwenye kampuni yangu ya kwanza nilibakiza miezi mitatu tu nianze kozi ya komandi, ya kuwa kapteni, kwenye ndege ya injini mbili, ikaja ofa ya kiti cha kulia kwenye jeti, nikaondoka mbio. Jeti bwana, nani anakataa! Nikasaini bondi ya taipu reting miaka miwili, yaani mkataba wa kubaki kwa vile wamenilipia mafunzo ya aina hiyo ya ndege, bila hata kuisoma vizuri, kampuni ikarudisha ndege mbili kwa wenyewe, nikabaki standibai, mwezi mwingine naruka saa 20 tu, na kuondoka siwezi mpaka nilipe hela ya mafunzo. Jamaa tuliyekuwa naye kule mwanzo alibaki, akapata komandi, miaka mitatu mbele akaajiriwa kwingine moja kwa moja kama kapteni. Mi huyo bado niko kulia.

Alafu kuna siniority, foleni ya nani alitangulia kuingia kampuni. Mashirika mengi makubwa yanakupa namba siku unayoingia, na hiyo namba ndo inaamua rosta yako, likizo yako, lini unapewa komandi, na kazi zikipungua wa mwisho kuingia ndo wa kwanza kutoka, 2020 tuliyaona. Namba huhami nayo. Hata uwe na saa 8,000 ukihama unaanza mkiani, na kwenye safari za kimataifa za kibiashara mwisho wa kuruka ni miaka 65, kwa hiyo anayeingia na 30 na anayeingia na 50 hawanunui kitu kimoja. Ndo maana kuhama kampuni kwenda nyingine ya saizi ileile kisa posho naonaga ni hasara, labda kama nyumbani kunaungua.

Kitu kimoja tu hakisubiri hesabu: ukiambiwa usiandike hitilafu kwenye teki logi, kitabu cha ubovu wa ndege, ili ndege iondoke, we ondoka kabla yake. Kugombana na chifu pailoti sio sababu, huyo nae ipo siku atahama.

Na ukienda intavyuu usiwaulize HR komandi inachukua muda gani, watakupa jibu tamu. Waulize mafesofisa, marubani wa kiti cha kulia, kwenye basi la kruu, wa mwisho kupandishwa alisubiri miaka mingapi, na kuna ndege mpya inakuja au ni picha tu ukutani.

Hapa nilipo nimeuliza hivohivo. Aliye mbele yangu kwenye foleni ana mwaka wa nne anasubiri, ndege mpya hakuna. Na ofa ninayo mezani, ya shirika ambalo naweza kuzeekea. Bondi yangu inaisha baada ya miezi mitano, safari hii nimeisoma neno kwa neno, kwa hiyo jana nimewaandikia naomba niripoti ikishaisha, wakikubali nahama, wakikataa siilipi mimi tena ng'o. Bado hawajajibu, na kesho nina sekta nne tena.