Nilivyokisafisha Upya Kitako cha Bunduki ya Marehemu Baba

Bunduki aliyoniachia marehemu baba ni ya mtutu mmoja, geji 12, na kitako chake kilikuwa kimefunikwa vanishi nene iliyopasukapasuka na kuwa nyeusi kwa jasho la mikono. Nilipokwisha kupata leseni yangu mwenyewe, niliamua kukishughulikia. Nilihakikisha kwanza kwamba haina risasi, nikafungua bamba la kitakoni na kuilegeza kwa bisibisi ndefu skrubu inayopita ndani ya mti. Chuma chote nikakifungia kwenye sefu, kwa maana seremala hana sababu ya kukabidhiwa silaha ya mtu. Kilichokwenda Keko, mtaa wa maseremala jijini Dar es Salaam, ni kipande cha mti tu.

Fundi mmoja mtu mzima alikigeuzageuza, akakinusa, kisha akasema, "Huu ni mjozi, kaka. Usiupeleke mashine. Vanishi itoe kwa dawa, msasa uje mwisho."

Dawa niliipaka uani penye upepo, nikiwa nimevaa glavu, na vanishi ilipovimba niliikwangua kwa kipande cha plastiki. Sehemu inayogusana na chuma ilikuwa imekunywa mafuta ya miaka mingi, hivyo niliipaka uji wa unga wa chaki na spiriti, ambao ukikauka huyafyonza. Nilirudia mara nne.

Kazi iliyonifurahisha zaidi ni ya mabonyeo. Nililaza kitambaa kibichi juu ya bonyeo moja lililotosha ncha ya kidole, nikakigusisha ncha ya pasi ya moto. Mvuke ulifoka, nyuzi za mti zilizokandamizwa zikanyanyuka, na baada ya mara tatu kilichobaki ni kivuli tu. Palipokatwa nyuzi, hata hivyo, pasi haisaidii kitu.

Msasa nilianza na namba 150 nikaishia 320, nikifuata mkondo wa mti na kuepuka kabisa kingo zinazokutana na chuma, kwa kuwa mti ukipungua hapo chuma hujitokeza juu yake na kasoro hiyo haifichiki. Kabla ya msasa wa mwisho niliulowesha mti kidogo ili vinyweleo visimame, nikavikata.

Kosa langu lilikuwa kwenye mafuta ya kitani, niliyoyapaka mahali pa vanishi ya zamani na ambayo hukauka polepole hewa ikiwa na unyevu. Ulikuwa mwezi wa Aprili, masika yamepamba moto, nami nikapaka kwa pupa. Siku ya nne kitako kilikuwa bado kinanata kama kashata isiyoiva. Niliyafuta yote kwa tapentaini nikaanza upya: matone machache, kusugua kwa kiganja mpaka mti upate joto, kufuta ziada, kisha kusubiri siku mbili au tatu. Matambara niliyatandaza ukutani moja moja, kwa kuwa yakirundikwa na mafuta hayo huweza kujiwasha moto yenyewe.

Mapako saba yalitosha. Mkwaruzo mmoja karibu na shingo ya kitako nimeuacha, kwani kuufuta kungeula mti mpaka chini ya usawa wa chuma.