Ukipima ganda tupu, bado hujapima injini

Ganda tupu la injini ya roketi ya fueli yabisi ukiligonga linalia kama kengele. Lijaze fueli, mlio unakufa. Fueli hiyo ni mpira uliosheheni chembechembe, umeshikamana na ukuta. Unaongeza uzito mwingi, ugumu kidogo, na unameza mtetemo.

Kwenye majaribio ya ardhini ya kupima mtetemo wa injini hutumika fueli bandia: chumvi isiyowaka, mfano kloridi ya potasiamu, huchukua nafasi ya kioksidishaji (kemikali inayotoa oksijeni ya kuunguza fueli) ili uzito na ulaini vikaribiane na vya kweli. Ining'inize injini kwa kamba za mpira laini, masafa ya mbembeo wake (idadi ya mitetemo kwa sekunde, yaani hezi) yasizidi sehemu ya kumi ya masafa ya kwanza ya kupinda kwa injini. Vitambuzi vya mchapuko visambaze toka kichwani hadi kwenye nozeli, mdomo wa kutolea gesi. Ukitegemea cha katikati peke yake, mkunjo wa pili (umbo la pili la kupinda) utakupita, maana katikati ndipo unapotulia.

Halafu jotoridi. Fueli ikipoa hukakamaa na masafa hupanda. Tena hupitisha joto polepole mno, kwa hiyo kipimajoto cha juu ya ganda kinaweza kukudanganya kabisa kuhusu ndani.

Kwenye kompyuta, kosa linalojirudia ni kutumia elementi za kawaida, yaani vipande vidogo ambavyo injini hugawanywa ili ikokotolewe. Uwiano wa Poisson wa fueli (kiasi inachotanuka ubavuni ikibanwa) unakaribia 0.5, yaani haibonyei ujazo. Elementi hizo hujikaza na kukupa injini ngumu kuliko ilivyo. Tumia zinazokokotoa shinikizo pembeni ya msogeo.

Injini ikiwaka, uzito unapungua na masafa ya kupinda yanapanda kila sekunde, huku kinachomeza mtetemo kikiteketea. Gesi ndani nayo ina wimbi lake, na masafa yake ni kasi ya sauti gawanya kwa mara mbili ya urefu wa chumba. Mita 1,050 kwa sekunde, chumba cha mita 35: hezi 15, karibu kabisa na ya roketi za pembeni za Space Shuttle. Ares I, roketi ya NASA ambayo injini yake ilikuwa na vipande 5 badala ya 4 vya Shuttle, ilishuka hadi hezi 12 hivi, na NASA ikalazimika kubuni springi za kuzuia mtetemo usipite kutoka hatua ya kwanza kwenda ya juu.

Shinikizo la megapaskali 5 likiyumba kwa asilimia 0.2 tu, kwenye duara la kipenyo cha mita 3.7 unapata kilonyutoni 107 hivi, uzito wa tani 11, zikisukuma na kuvuta mara 12 kwa sekunde.