Jina la Mkuu

Juzi usiku mtoto wa kaka yangu, yuko mwaka wa nne wa udaktari, alinipigia simu. "Shikamoo ami. Makala tumemaliza. Jina la nani litangulie?" Nikacheka. Mmemaliza kuandika ndipo mnaulizana majina!

Nikakumbuka jioni ile barazani Mji wa Kale, wakati wa kaskazi, joto la kubandika shati mgongoni. Data tulishakusanya kwenye mafaili ya wagonjwa wa kisukari, kwa kibali cha kamati ya maadili. Rasimu tayari, jarida tumeshalichagua. Imebaki orodha ya waandishi, nayo ina watu tisa. Wa kwanza ni mkuu wa idara, ambaye rasimu yenyewe hajaiona.

Msimamizi wetu, bibi mtaratibu asiyepandisha sauti, alisogeza kikombe cha kahawa, akaigawa karatasi safu wima nne. Ya kwanza: alibuni utafiti, au alikusanya data, au alizichambua. Ya pili: aliandika, au aliihakiki rasimu kwa kina. Ya tatu: ameidhinisha nakala ya mwisho. Ya nne: yuko tayari kuwajibika kwa kazi nzima. Ndiyo masharti ya Kamati ya Kimataifa ya Wahariri wa Majarida ya Tiba. Hilo la nne liliongezwa 2013. "Atakayekosa hata moja," akasema, "aende kwenye shukrani."

Tukatia alama, jina kwa jina. Karani alitutolea mafaili tu: shukrani, na ruhusa yake iombwe kwa maandishi. Aliyefuatilia kibali: shukrani. Mtakwimu alipata alama safu ya kwanza peke yake, mwenzetu akataka kumfuta. Msimamizi akamzuia mkono. Aliyechambua data hafutwi kwa kuwa nyinyi mmemnyima rasimu. Mpeni aisome, airekebishe, ndipo mumhesabu. Hilo wengi hawalijui hata leo, na ugomvi mwingi huanzia hapo.

Akafika kwenye jina la mkuu. Kalamu ikasimama. Kuongoza idara peke yake hakutoshi, wala kutafuta fedha. Akaviacha visanduku vinne vitupu, akatutazama mmoja mmoja: "Haya, nani atakwenda kumwambia?" Muuza kahawa akapita akigonganisha vikombe vyake, nasi tukajifanya tunataka kuongezewa.

Akaenda yeye mwenyewe. Kwenye orodha, aliyeandika rasimu ya kwanza akatangulia, msimamizi akakaa mwisho kama desturi ya tiba, na barua pepe ya mawasiliano ikawa ya binafsi, maana ya chuo huweza kufungwa ukishahitimu na maswali ya wasomaji yakapotelea humo. Mkuu alishukuriwa kwa mistari miwili. Makala ikatoka.

Utafiti uliofuata, barua yetu ya kuomba mafaili ilikaa mezani kwake mpaka masika yakaisha. Tungekubaliana majina kabla ya kufungua faili la kwanza, pengine asingenuna. Au angenuna mapema zaidi, na hata hayo mafaili ya kisukari tusingeyaona.