Nyuki wa saa tano: siku yangu moja ya kufundisha Kiingereza Tanga

Saa 11:15 alfajiri

Umeme hakuna. Nimejua kabla sijafumbua macho, maana feni imenyamaza na joto limenilalia kifuani kama paka. Nilipanga nitoe kopi mpya za somo la saa tano, lakini steshenari ya barabara ya nane hufunguliwa saa mbili, na bila umeme hata ikifunguliwa ni kupiga soga tu. Basi natoa ile bahasha ya kaki ya mwaka jana. Ndani mna vikaratasi vyangu vya Vita vya Tanga: aya nne zilizokatwa kwa mkasi, A mpaka D, kila herufi vikaratasi kumi na vinne. Nahesabu kwa tochi ya simu. A vimetimia. B vimetimia, ingawa kimoja kina doa la chai. D vimetimia. C vipo tisa.

C ni aya ya nyuki. Naandika vitano kwa mkono, haraka haraka, huku maji ya mchaichai yanachemka.

Saa 12:30 asubuhi

Baiskeli. Mgeni akifika Tanga hushangaa kumwona mama wa baibui anakanyaga pedeli na mtoto nyuma, lakini mji ni tambarare na baiskeli hapa ni ya kila mtu. Nasimama kwa mama wa vitumbua, nafungiwa vinne, naendelea.

Saa 1:05 asubuhi

Paredi, wimbo wa taifa, tangazo la mwalimu wa zamu kuhusu mashati yasiyochomekewa. Nasaini, nachukua chaki.

Kwa asiyejua mambo yetu: nafundisha kidato cha tano na cha sita, watoto wa HKL na HGL, yaani michepuo ya Historia na Kiingereza pamoja na Kiswahili au Jiografia. Wamepangiwa shuleni kwetu kutoka kila pembe ya nchi, Kigoma mpaka Mtwara. Shule ya msingi wengi wao walisoma kwa Kiswahili miaka saba, kisha kidato cha kwanza wakakuta masomo karibu yote yamegeuka Kiingereza. Wakinifikia mimi, mtoto anaweza kukuandikia kurasa tatu za sababu za Vita vya Maji Maji kwa Kiingereza, neno kwa neno kama zilivyo kwenye daftari, ila hawezi kumwomba mwenzake kalamu. Anaogopa kuchekwa.

Na dawa tuliyozoea ndiyo iliyoongeza ugonjwa. Mimi mwenyewe nilisoma shule ambayo ukikutwa unaongea Kiswahili unavishwa kibao shingoni, unakaa nacho mpaka umkamate mwenzako. Nilichojifunza pale ni kunyamaza na kupeleleza.

Saa 2:00 asubuhi

Kidato cha sita, vipindi viwili vimeungana, dakika themanini. Leo ni mnada.

Ubaoni nimeandika sentensi kumi na mbili, zote nimezitoa kwenye insha zao wenyewe bila kutaja ya nani. Saba ni nzima, tano zimeoza. Kila kundi lina shilingi elfu kumi za darasani. Wanapewa dakika kumi wanong'one, waamue wanunue ipi na waiache ipi, kisha mnada unafunguliwa. Ukinunua nzima umepata, ukinunua mbovu fedha imekwenda. Ila mimi nimeongeza kanuni yangu: ukiweza kuitengeneza palepale, narudisha nusu ya bei.

Dalali ni kijana wa Sahare, baba yake mvuvi, amekulia soko la samaki la Deep Sea. Anapanda kwenye kiti, anagonga meza kwa dasta. "Two thousand, two thousand! Who is adding?" Naandika kosa lake pembeni mwa daftari langu, sisemi kitu. Ukimkatiza dalali kumfundisha kwamba wenyewe husema "any more bids?", mnada umekufa na yeye hatapanda kiti tena. Tutalisema mwisho wa kipindi, na wala sitasema ni la nani.

Sentensi ya nne ndiyo iliyopandisha bei: "The fish which I bought it was rotten." Makundi mawili yalishindana mpaka elfu tatu na mia tano. Walioshinda walishangilia. Ikabidi niwaambie wamenunua samaki mbovu kweli. Kelele!

Hapo ndipo ninapolipenda somo hili. Nikawauliza, kwa Kiswahili mngesemaje? "Samaki niliyemnunua." Hiyo "-m-" inafanya kazi gani pale? Kimya, halafu msichana wa nyuma akapiga paji la uso. Kumbe "it" ilikuwa ni hiyo "-m-", imevuka mpaka bila pasipoti. Kiswahili kinataka urudie mtendwa ndani ya kitenzi, Kiingereza kikishasema "which" hakitaki tena. Wakaitengeneza, nikarudisha nusu. Wakarudi tena kwa "Although it rained, but we went", ambayo ni "ingawa" na "lakini" wamekaa kwenye kiti kimoja.

Kisha zamu yangu ya kuumbuka. "None of the boys were late" nilikuwa nimeiweka kwenye tano mbovu, maana mimi nilifundishwa "none" ni umoja, basi. Kundi lililoinunua likagoma. Mmoja akaenda kabatini, akaleta kamusi, akaweka kidole: "was" na "were" zote zinakubalika. Nikasoma mara mbili. Nikawarudishia fedha yao yote na faini juu. Darasa lilicheka dakika nzima, nami nikacheka, kisha mikono ambayo sijawahi kuiona juu ikaanza kunyooka.

Saa 4:00 asubuhi

Chai. Mwalimu mwenzangu wa darasa la jirani amekuja na lake: "Madam, mtihani ni Mei, wewe unapiga minada?" Nikamwambia, kaka yangu, zile sentensi mbovu ndizo zilizowakata alama kwenye jaribio lililopita, na leo wamezikumbuka kwa sababu ziliwala fedha. Hakuridhika. Akaomba kitumbua, nikampa. Kelele kwa kweli zilikuwa nyingi, hilo nampa haki yake.

Mwingine akaleta kisa cha mzungu aliyejikwaa kwenye ngazi za ofisi, akaambiwa "sorry", akajibu "it's not your fault". Tulimwonea huruma yule mzungu. Kwao "sorry" ya namna hiyo wameisikia kama kuomba radhi, sisi tulikuwa tunampa pole tu. Nimeiandika, wiki ijayo nitaifanyia igizo.

Saa 5:00 asubuhi

Kidato cha tano. Hamsini na wanane, madirisha mawili hayafunguki. Vikundi vya wanne wanne ni kumi na vinne, wanabaki wawili. Hao wawili ni mawakala wangu: wanazunguka na daftari, wanaandika kila neno la Kiingereza ambalo mtu amelitafuta akalikosa.

Somo lenyewe ni rahisi kulieleza, kuliendesha ndiyo kazi. Kila mmoja kwenye kundi ana aya moja tu ya kisa. A anajua kwamba tarehe 2 Novemba 1914 meli za Waingereza zilitokea hapa Tanga na jeshi la askari kama 8,000 kutoka India. B anajua kwamba Wajerumani, chini ya Paul von Lettow-Vorbeck, walikuwa kama 1,000, na wengine waliletwa kwa treni kutoka Moshi. C ana nyuki: mizinga ilikuwa mitini, risasi zikaivuruga, nyuki wakawavaa wapiganaji. D anajua mwisho, kwamba tarehe 5 Waingereza walirudi melini wakiacha mamia ya bunduki.

Kwanza wenye herufi moja wanakaa pamoja, wanasaidiana kuielewa aya yao. Kisha kila mtu anarudi kundini, anafunika karatasi yake juu ya meza, na anasimulia kwa mdomo. Ni marufuku kumwonyesha mwenzako. Ubaoni kuna swali moja: ilikuwaje jeshi kubwa karibu mara nane likashindwa? Hakuna anayeweza kulijibu peke yake. Nimefundisha kwa mihadhara miaka mingi na niwaambie ukweli, mtoto hasemi Kiingereza kwa sababu umemwambia aseme. Anasema akiwa na kitu ambacho wenzake watatu wanakihitaji, nao wanamtolea macho.

Kwenye kundi la dirishani kuna binti wa Kigoma. Tangu aripoti, sauti yake naijua kwa "present madam" tu. Leo amepata C. Nimesimama nyuma ya nguzo nisimtishe. Wenzake wameshamaliza zao, wanamsubiri. Akaangalia karatasi iliyofunikwa kama anayeweza kuisoma kwa mgongoni. Akasema: "The bees refused."

Mwenzake: "Refused what?"

"Refused the war."

Hilo halimo kwenye aya yangu. Sikuandika mimi.

"Refused how?" Sasa ikabidi aendelee. "They come out, they bite the soldiers, they bite everybody..." akasita, akajishika shingo. Hakuridhika na "bite". Wakala wangu mmoja akaandika.

Ndiyo maana baada ya dakika ishirini nilisimamisha kila kitu nikachora ubaoni nyuki, mbwa, jino na kidonda. Kwa Kiswahili vyote hivi vinauma. Mbwa ameniuma, nyuki ameniuma, jino linaniuma. Kiingereza kinakataa ushirika huo: mbwa ana "bite", nyuki ana "sting", jino lina "ache", kidonda kina "hurt". Walinakili bila kuambiwa wanakili.

Kilichobaki ni kukisia, na hapa nyuki hawana mpinzani. Baadaye ulizuka uvumi kwamba Wajerumani waliwatega wale nyuki kwa nyaya. Nikawauliza, mnaamini? Mkijibu kwa Kiingereza, onyesheni mna uhakika kiasi gani. "They must have been disturbed by the guns." "They can't have planned it." Mvulana mmoja, mwanasheria mtarajiwa, alishikilia "they might have" mpaka kengele, na hoja yake ni kwamba hakuna aliyemhoji nyuki.

Kabla hatujatoka, mmoja alishtaki kwamba mwenzake ametumia Kiswahili, amesema "askari". Nikamtuma kwenye kamusi ya Kiingereza. Limo. Na "safari" limo. Kwenye shule yangu ya zamani angevishwa kibao kwa neno la kamusi.

Saa 7:00 mchana

Makande. Nakula, nasinzia dakika kumi kwenye kiti cha plastiki, nazinduliwa na mtu anayetafuta ufunguo wa maktaba.

Saa 8:30 mchana

Mdahalo wa kidato cha tano na cha sita. Ile midahalo ya kusimama na kusema "I am here to oppose" nimeichoka, kwa hiyo nagawa kadi za wahusika. Suala ni bomba la mafuta ghafi, kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani hapa kwetu. Kuna mvuvi, mhandisi, mama lishe, mkulima ambaye bomba limepita shambani kwake, na mwandishi wa habari. Mhandisi lazima aeleze kwa nini bomba linapashwa moto njia nzima, na maelezo ameandikiwa kwenye kadi: mafuta yale yana nta nyingi, yakipoa yanaganda. Kijana wangu wa Sahare kajichagulia uhandisi. Nafasi ya mvuvi kamwachia mtoto wa Dodoma.

Kila mshiriki ana punje mbili za maharage. Ukikwama unaruhusiwa kutumia neno la Kiswahili, unatoa punje moja, na ukumbi una kazi ya kukutafutia la Kiingereza. "Fidia" lilikuwa la kwanza kulipiwa. Sekunde kumi hivi, kisha sauti kutoka mlangoni: "Compensation!" Neno hilo mkulima alilitumia mara saba kwa dakika tano zilizofuata, amelilipia, ana haki nalo.

Halikwenda lote vizuri. Mama lishe na mhandisi walipandishana, maharage yakaisha kwa kila mtu, na robo saa ya mwisho ilikuwa Kiswahili kitupu, kitamu, chenye vijembe vya pwani. Ningewakatiza. Sikuwakatiza, nilikuwa nacheka. Kesho wataandika barua kwa mhariri kwa Kiingereza kutokana na kile walichosema kwa Kiswahili.

Saa 11:20 jioni

Nasahihisha insha kumi, nashindwa ya kumi na moja. Kwenye ile ya sita mtu ameandika "I hear a bad smell". Naizungushia duara kwa ajili ya mnada ujao. Sisi harufu tunaisikia, njaa tunaisikia, baridi tunaisikia. Masikio yetu yana kazi.

Saa 2:40 usiku

Umeme umerudi. Mwanangu anafanya hesabu upande mmoja wa meza, mimi nimemwaga bahasha upande wa pili. A kumi na vinne. B kumi na vinne, na lile doa la chai. D kumi na vinne. C kumi na viwili.

Nahesabu tena. Navuta karatasi, naanza kuandika.