Mradi wa makosa ya majasusi: nimeligawa jedwali

Jedwali langu la makosa ya kurekodi kwenye tamthilia za ujasusi za miaka ya 1960 limeanza kunielemea, na wa kulaumiwa ni Jaguar moja nyeupe. Inaacha barabara, inapaa, inatumbukia korongoni. Nilishaiandika nilipoangalia The Baron. Nikahamia The Champions, ikanitokea tena, picha ileile. Kampuni ya ITC ya Uingereza ilipiga picha ya ajali hiyo mara moja, kisha ikawa inaichomeka katika tamthilia moja baada ya nyingine. Gari halisi ni ghali, filamu iliyoko kabatini ni bure. Siku hizi mhusika akipanda tu Jaguar nyeupe, ninamwombea.

Hilo si kosa, ni ubahili. Kwa hiyo nimetenga safu mpya, “picha za akiba”, na ya makosa imepumua.

Makosa yenyewe yamejaa The Avengers, tamthilia ya Uingereza, hasa enzi za mwigizaji wa kike Honor Blackman, 1962 hadi 1964. Walirekodi kwenye mkanda wa video, na kuukata mkanda ule kulikuwa kazi ngumu yenye gharama. Wakacheza mfululizo kama jukwaani: mwigizaji akijikwaa ulimi, anajiokoa na kusonga mbele, nasi tunamsikia mpaka leo. Ninapenda sana hizi. Mwaka 1965 walipohamia kwenye filamu, kila kitu kikanyooka, na penseli yangu ikakosa kazi.

Sehemu iitwayo “Mandrake” nimeiangalia kwa kurudiarudia. Blackman anapigana makaburini na Jackie Pallo, mwanamieleka wa kweli, na wakati wa kurekodi alimzimisha kwelikweli. Mwanamieleka! Magazeti ya Uingereza hayakuiachia habari hiyo.

Sasa nimeingia Mission: Impossible, msimu wa kwanza, 1966. Ule mkono unaowasha kiberiti mwanzoni ni wa mtayarishaji mwenyewe, Bruce Geller. Kinachonitatiza ni Dan Briggs, mkuu wa kikosi: anapanga kazi, halafu katika sehemu kadhaa hayupo kabisa. Steven Hill, aliyemwigiza, alikuwa Myahudi mshika dini, na Ijumaa aliondoka studio kabla jua halijatua, Sabato inapoanza. Mwaka 1967 nafasi yake ikachukuliwa na Peter Graves.

Kutoweka kwa Briggs si kosa wala ubahili, basi nimefungua safu ya tatu, “sababu za nje ya kamera”. Kwa sasa yumo peke yake.