Ndege huanza na umeme, rangi baadaye

Nikimwonyesha mtu ATR 72-500, ndege ya abiria ya mapangaboi mawili, ninayoitengeneza kwa ajili ya X-Plane, programu ya kurusha ndege kwenye kompyuta, swali la kwanza huwa rangi. Ya Precision Air ipo? Namba za usajili zitasomeka? Zitakuwepo, msiwe na wasiwasi. Kazi hiyo anayo mpwa wangu anayesoma Dodoma, na mkono wake kwenye Blender, programu ya kuchora maumbo, mimi siufikii hata nusu. Mimi ni fundi wa jenereta. Kinachonilisha ni kuzunguka Mwanza na kanda hii ya ziwa nikifunga na kutengeneza mashine za hoteli, minara ya simu na viwanda vya samaki. Kwa hiyo ndege nimeiingilia kupitia mlango ninaoujua, na kadiri ninavyoendelea ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba ndio mlango unaofaa. Ndege ya kwenye kompyuta huwa ya kweli pale umeme wake unapokuwa wa kweli. Mengine yote yanafuata nyuma.

Kwa nini -500 wakati -600 ndiyo mpya? Kwa sababu -600 ina skrini tano kubwa mbele ya marubani, na skrini kwangu ni kazi ya kuchora. Kwenye -500 kila rubani ana vioo viwili vya EFIS, skrini ndogo za mkao na mwelekeo wa ndege, na pale katikati zimepangwa saa za injini za mishale: torki, joto, kasi ya pangaboi, mafuta. Mshale una tabia zake. Unachelewa kidogo, unapitiliza, unarudi. Ukisukuma pawa, wa torki hautembei sawa na wa joto, na rubani aliyeizoea ndege anaisoma tofauti hiyo kwa jicho la pembeni bila kuhangaika na namba.

Lakini nilichokusudia kueleza leo ni breki ya pangaboi.

ATR haina APU, ile injini ndogo ambayo ndege nyingi huiweka mkiani kwa ajili ya umeme na hewa zinapokuwa zimeegeshwa. Waliounda ATR waliona hakuna sababu ya kubeba injini ya tatu ya kufanya kazi hiyo tu, wakaweka breki kwenye pangaboi la injini ya kulia, ile nambari 2. Injini inawaka, ndani inazunguka, inatoa umeme na hewa ya kupooza abiria, lakini pangaboi limeshikwa, halitingishiki. Abiria wanapanda kwa mlango wa nyuma kushoto, upande ambao hakuna kinachonguruma. Marubani huiita hali hii hotel mode. Inawezekana kwa sababu injini yake, PW127, ina mihimili mitatu, na mhimili unaozungusha pangaboi haukuunganishwa kwa chuma na ile inayozalisha gesi. Unasukumwa na gesi moto tu. Ukiuzuia, wenzake wanaendelea na kazi zao.

Sasa njoo nayo kwa jicho la fundi umeme. Jenereta ya DC imefungwa upande wa gesi, kwa hiyo kwenye hotel mode inafanya kazi. Jenereta ya ACW, yaani ya umeme wa AC wenye frikwensi isiyotulia, imefungwa kwenye giaboksi ya pangaboi, na pangaboi limesimama, kwa hiyo hiyo hakuna. Pampu kubwa mbili za haidroliki, ya mfumo wa bluu na ya mfumo wa kijani, zinaendeshwa na ACW. Kwa hiyo nazo hakuna. Na breki ya pangaboi, ili ifunge au iachie, inataka presha ya bluu!

Hapo ndipo inapoingia pampu ndogo ya akiba, ya umeme wa DC, inayosukuma mfumo wa bluu peke yake. Bila hiyo pampu hakuna presha, bila presha breki haiachii, na bila breki kuachia huna pangaboi la pili wala ACW ya upande huo. Nilipouelewa mnyororo huu nilicheka peke yangu karakana. Hivi ndivyo mfumo wowote wa umeme ulivyo, hata ule wa hoteli yenye jenereta mbili: kitu hakikatai kwa sababu mtu ameandika kikatae, kinakataa kwa sababu anayemlisha hajaamka.

Ndege nyingi za nyongeza za bei rahisi hazina mnyororo huu. Kuna swichi, na nyuma yake kuna ndiyo au hapana. Unabonyeza breki, pangaboi linaanza kuzunguka, hata kama betri umeiua nusu saa iliyopita. Kwangu taa ya kijani ya READY haiwaki mpaka mambo manne yatimie: ndege iko chini, gust lock (kufuli ya kuzuia upepo usitikise usukani) imefungwa, kondisheni leva (ya mafuta na pembe ya mapanga) ya injini ya 2 iko FTR, yaani mapanga yameelekezwa ubavu kwa upepo, au imekata mafuta, na presha ya bluu ipo. Mpwa wangu alipojaribu mara ya kwanza alinipigia akiwa na hasira.

"Anko, breki yako imekufa."

"Gust lock iko wapi?"

Kimya. Halafu, "Aaa. Sawa, anko." Akakata simu bila hata kuaga.

Kwa upande wa msimbo jambo lenyewe ni jepesi kuliko linavyosikika, ila linataka nidhamu. Ninaandika kwa Lua, lugha ya kompyuta. Kila basba ya ndege, yaani njia kuu inayogawa umeme, ni jedwali lenye volti zake, na kila kifaa, iwe taa ya kusomea au pampu, kinaambiwa kinakula wapi. Hakuna kifaa kinachoruhusiwa kuuliza swichi iko upande gani kisha kikajiwasha. Kinauliza: basba yangu ina volti ngapi saa hii? Swichi kazi yake ni kuunganisha au kukata njia. Hesabu inapigwa upya kila picha inayochorwa kwenye skrini, tena inabidi iende kwa mpangilio: vyanzo kwanza, basba, mwisho walaji. Ukiuvuruga mpangilio huo utaona taa zinapepesa bila sababu na utakesha ukitafuta kosa ambalo halipo.

Raha yake unaiona wakati wa kuwasha injini. ATR ina mashine moja ambayo ni stata na jenereta kwa pamoja. Inaanza kama mota, inazungusha injini kwa umeme wa betri. Ikifika asilimia 10 ya kasi yake unasogeza leva kwenda FTR, mafuta yanaingia, joto linaruka. Kwenye 45 stata inaacha. Ikipita 60 kidogo mashine ileile inageuka jenereta na kuanza kurudisha ilichokopa. Kwangu, stata inapovuta, volti za betri zinashuka na taa za dari zinafifia, si kwa sababu nimeandika zifife, bali kwa sababu basba imeshuka. Hilo hakuna aliyewahi kunisifia. Mimi hulitazama kila mara.

Na ACW yenyewe ina utamu wake. Ni umeme wa AC ulioachiwa frikwensi yake iende na kasi ya pangaboi, kati ya hezi 341 na 488. Mteja wangu wa kiwanda cha samaki nikimpelekea jenereta inayoyumba hivyo ananifukuza getini. Ndani ya ATR haina shida, kwa sababu walaji wake wakubwa ni vipasha joto vya vioo na vya mapangaboi, pamoja na pampu zile mbili, vitu vinavyovumilia. Vifaa vinavyotaka hezi 400 zilizotulia vinapata kwa inveta kutoka DC. Kwa hiyo msimbo wangu una frikwensi inayohama, ingawa hakuna saa hata moja kokpiti itakayokuonyesha. Mpwa wangu anasema huo ni uchizi. Labda.

Sauti nilidhani itakuwa kazi ya kurekodi tu. Nilikaa usawa wa mapangaboi kwenye safari ya Mwanza kwenda Dar, simu juu ya paja, nikapata mlio mwembamba wa kuudhi. Maikrofoni ya simu inakata besi, na ATR ni besi tupu. Ikabidi nipige hesabu. Pangaboi lina mapanga sita, na wakati wa kuruka linazunguka mara 1,200 kwa dakika, yaani 20 kwa sekunde. Zidisha kwa sita: hezi 120. Baada ya kupaa rubani anageuza swichi ya pawa kutoka TO (kuruka) kwenda CLB (kupanda), kasi inashuka hadi asilimia 82, na mngurumo unashuka hadi hezi 98 na kitu. Hapo ndipo abiria mgeni anapomshika jirani mkono akidhani injini imezima. Besi hizo nimezitengeneza mwenyewe juu ya rekodi. Na mapangaboi mawili yakiachana kwa hezi moja tu, mngurumo unavimba na kunywea kila sekunde, kile kitu kinachokulaza usingizi angani ukiwa hutaki kulala.

Kuruka kwenyewe X-Plane imenibebea mzigo mkubwa. Haikupi jedwali la kujaza ndege ifanye nini. Inakata mabawa na mapanga vipande vipande na kupigia kila kipande hesabu ya nguvu ya hewa. Wewe unaingiza umbo: upana wa mita 27 kutoka ncha hadi ncha, bawa juu ya mwili, aina ya bawa kwenye shina na kwenye ncha. Ukidanganya umbo, ndege itakuumbua.

Kuna rubani mstaafu, aliwahi kuzirusha kwa miaka mingi, tulijuana kwenye kazi ya jenereta nyumbani kwake. Nilimweka mbele ya skrini akaruka duru moja, akatua, akavua miwani.

"Fundi, umeme sina neno. Lakini ndege yako ina aibu. Nikirudisha pawa mpaka mwisho, ATR inatakiwa inisukume kwenye mkanda. Hii inateleza tu."

Nikamuuliza, "Ikusukume kiasi gani, Kapteni?"

"Kiasi cha kumwagia kahawa mtu asiyekuwa mwangalifu."

Maana yake ilikuwa pembe ya mapanga. Pawa ikirudi kabisa angani, mapanga yanalala bapa mbele ya hewa na kuwa ukuta. Mimi nilikuwa nimeacha pembe ya chini kubwa kwa sababu hakuna kitabu nilichokipata chenye namba hiyo. Tulikaa naye jioni kadhaa, ninapunguza kidogo, anaruka, ananuna. Siku aliyokaa kimya hadi kutua nikaiandika namba.

Kijiti cha mkiani nacho kipo. ATR 72 inapopakia huwekewa mguu wa kuishikilia mkia, kwa sababu abiria wanaingilia nyuma na uzito wote unakuja huko. Usipoiweka yangu kisha ukajaza viti vya nyuma kwanza, pua inapanda. X-Plane yenyewe inafanya hivyo. Mimi nimehamisha uzito tu.

Jambo moja sitaliweka. Wameniuliza watu zaidi ya mmoja kama kutakuwa na hali ya Bukoba. Tarehe 6 Novemba 2022 ATR 42 iliingia ziwani ikikaribia kutua, watu 43 ndani, 19 hawakurudi, na waliowahi kufika ni wavuvi na mitumbwi yao. Sisi tunaishi ng'ambo ya maji hayohayo. Uwanja wa Bukoba utaruka na kutua kama kawaida, hali ya hewa ya ziwa utaipata, lakini kitufe cha hiyo asubuhi hakitakuwepo.

Kilichobaki ni kompyuta ya safari, ambayo toleo la kwanza itajua njia ya moja kwa moja tu, bila mbwembwe, na barafu. Usicheke. Hata karibu na ikweta hapa, futi 17,000 ni juu ya usawa wa kuganda, na mawingu ya ziwa mchana yanafika huko na kupita. Mipira ya kuvunja barafu mbele ya mabawa inavimba kwa zamu kama inavyotakiwa. Barafu yenyewe bado haivunjiki ninavyotaka.

Wanaotaka kujaribu kabla haijatoka, nahitaji wachache wenye X-Plane 12 na uvumilivu wa kusoma orodha ya ukaguzi mpaka mwisho. Waliowahi kufanya kazi ya uwanjani, wapakiaji, mafundi, wahudumu wa ndani, nawataka zaidi kuliko wachezaji. Niandikieni mkitaja mlikaa upande gani wa ndege, maana mlio wa mlango wa mizigo wa mbele sina.